Likizo ya mwisho ya wafinalisti wa Likasi isiishie kwenye shimo

Maneno yaliyosemwa Likasi, komini ya Kikula, mbele ya wafinalisti na wazazi wao, mwezi wa saba



Tunajua leo ni siku ya soko, na kuna mama hapa ambaye ameacha meza yake kwa jirani ili asikie maneno haya. Hatutamchelewesha. Sisi ni vijana wa harakati ya raia. Hatuko chama cha siasa, hatuna kadi ya kuuza wala mgombea wa kumuonyesha. Wengi wetu tuko na diploma ya chuo kikuu na hatuna kazi. Tunalisema hilo mwanzoni ili mtu asidhani tumekuja kuuza ndoto.

Tumekuja kuzungumza juu ya miezi hii ya kipwa, kati ya Exetat na mlango wa chuo kikuu. Kwa wengi wenu hii ndiyo likizo ya mwisho ya utoto. Mkitoka hapo, mmoja ataenda Lubumbashi, mwingine Kolwezi, mwingine Kinshasa kwa mjomba, mwingine atabaki hapa Likasi. Wale ambao mmekaa nao benchi moja kwa miaka sita hamtakaa nao tena hivyo. Mnalijua, hata kama hamulisemi. Ndiyo maana jioni hizi za baridi mnakaa kwenye ukuta mpaka usiku, simu moja kwa watu watano, mnacheka kwa vitu ambavyo mtu mwingine hawezi kuelewa. Hatuwagombezi kwa hilo. Kaeni. Chekeni. Ni haki yenu.

Katika sinema tunaona vijana wa nchi nyingine wakimaliza sekondari wanaenda baharini. Wenzetu wa Mombasa na Zanzibar wako na bahari mlangoni. Sisi tuko na Tshangalele. Nani hapa hajawahi kupanda nyuma ya lori mpaka Kapolowe, kwenye njia ya Lubumbashi, kisha kwenda kuona lile ziwa, kununua samaki kwa wavuvi, kuingiza miguu kwenye maji na kurudi na vumbi kichwani? Ule ndio ufuko wetu. Lakini kumbukeni lile ziwa lilitoka wapi. Halikuwa pale zamani. Ni maji ya mto Lufira yaliyozuiwa na bwawa la Mwadingusha, ambalo lilianza kutoa umeme mwaka 1930, kwa ajili ya viwanda vya shaba. Hata pale tunapoenda kupumzika palitengenezwa kwa ajili ya shaba. Na usiku ukirudi nyumbani kutoka kwenye ziwa la umeme, unakuta mtaa uko giza.

Tunaanza na ziwa hili kwa sababu hadithi ya likizo yenu ni ileile. Shaba iko kila mahali katika maisha yetu, isipokuwa mahali tunapolipia masomo.

Tuangalie namna likizo hii inavyopita, wiki kwa wiki. Mtihani umekwisha, mwezi wa sita. Wiki ya kwanza ni usingizi. Wiki ya pili ni kuzungukia marafiki. Kisha matokeo yanaanza kutoka, jimbo moja moja, na simu zinalia. Siku ile hakuna mtu wa kulala. Poda inamwagwa kichwani, pikipiki zinapiga honi mpaka Panda, mama anacheza barabarani na kitenge chake, hata jirani ambaye hamsalimiani anakuja kusema hongera. Furaha ile ni ya kweli, na mzazi ambaye amelipa shule miaka sita anastahili kucheza.

Lakini asubuhi ya kesho yake nyumba inanyamaza. Ndilo jambo tulilokuja kulisema leo. Poda ikishaoshwa, mtoto anasubiri baba aseme kitu, na baba anasubiri Mungu afanye kitu. Mtoto akiuliza, anajibiwa: "Tutaona." Mwezi wa nane unapita na "tutaona". Mwezi wa tisa joto linaanza, bado "tutaona". Halafu siku moja orodha ya malipo inafika, na hakuna mtu nyumbani aliyejua kuwa iko ndefu namna ile: kujiandikisha, minervali, enrôlement ya mitihani, silabusi, chumba, safari, chakula. Baba alikuwa amefikiria minervali peke yake. Hapo ndipo kijana anasema maneno ambayo sote tumeyasikia: "Niacheni niende kwenye mawe miezi miwili tu, nitarudi na franga za masomo."

Miezi miwili tu. Tunawajua wengi waliosema hivyo. Wengine walirudi na wakasoma, hatuwezi kusema uongo. Wengine walipata franga, na franga ikawa na kazi nyingine: ugonjwa wa mdogo, deni la nyumba, simu mpya, pombe. Mwaka ukapita, kisha wa pili, na diploma ya Serikali iko kwenye sanduku chini ya kitanda. Na wengine hawakutoka.

Wadogo zetu, kuna uongo mmoja unaotembea mjini kila kipwa. Watu wanasema: sasa mvua hakuna, ardhi ni kavu, shimo haliwezi kuanguka. Sikilizeni tarehe mbili. Shinkolobwe, hapa karibu na sisi, mgodi uleule ambao uranium yake ilitumika kwa bomu la Hiroshima mwaka 1945, ulifungwa kwa amri ya Rais mwanzoni mwa mwaka 2004. Watu waliendelea kuchimba. Tarehe 8 Julai 2004 sehemu yake ilianguka, watu wanane wakafa. Ilikuwa kipwa. Tarehe 27 Juni 2019, upande wa Kolwezi, mgodi ulianguka juu ya wachimbaji wa mikono, wakafa zaidi ya 40. Ilikuwa kipwa. Ardhi kavu haina huruma kuliko ardhi ya mvua. Na kipwa ndiyo wakati ambao watoto wa shule wako huru, kwa hiyo mashimo yanajaa watu wasio na uzoefu, wasiojua hata kusikiliza ukuta unapoanza kulia.

Sheria iko wazi. Kodi ya Madini inataka mchimbaji wa mikono awe Mukongomani mtu mzima mwenye kadi, na achimbe katika eneo lililowekwa kwa kazi hiyo. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inasema mtoto ni kila mtu ambaye hajafika miaka 18. Wengi wa wafinalisti waliokaa hapa leo wako na miaka 17. Kwa hiyo yule anayewapokea kwenye machimbo, yule anayewanunulia mawe kwa bei ya chini kwa sababu ni watoto, na yule mwenye unifomu anayechukua elfu mbili njiani ili awaache mpite, wote watatu wanajua wanachofanya.

Tunaongeza jambo juu ya wasichana, kwa sababu kwao likizo hii ni hatari kwa namna nyingine. Pesa ikiwa ya mtoto mmoja, katika nyumba nyingi inaenda kwa kaka, hata kama dada alimshinda kwa asilimia 10. Binti anaambiwa asubiri mwaka mmoja. Katika mwaka ule anauza chakula karibu na machimbo, au anapata "mfadhili" ambaye amemzidi miaka 20. Baada ya hapo watu wanasema: "Mnaona, huyu hakutaka masomo." Apana. Alitaka. Sisi wenyewe tuko na dada ambao wametufundisha hesabu na leo hawako chuo. Mama zetu, tunawaomba hivi: mkigawa pesa ndogo, gawanyeni kwa alama na kwa bidii. Msigawanye kwa suruali na sketi.

Sasa tufike kwenye swali ambalo mmoja wenu ataliuliza tukimaliza, kwa hiyo afadhali tulijibu sasa. Swali ni hili: "Nyinyi bakubwa mumesoma, muko na licence, mbona mumekaa nyumbani? Masomo yanatumika nini?"

Ni swali zuri, na hatutalijibu kwa methali.

Ni kweli, tumesoma na tumekaa. Tumepeleka barua za kazi mpaka tumejua bei ya fotokopi katika kila duka la mji. Tumeambiwa tulete uzoefu wa miaka mitano kwa kazi ya kuandika namba za malori. Tumeona kazi ikitangazwa asubuhi wakati mwenye kazi alikuwa ameshaanza wiki iliyotangulia. Mtu anayewaambia kwamba diploma inafungua milango yote anawadanganya.

Lakini angalieni vizuri ni kitu gani kilichokosekana. Likasi haikukosa mali. Wazee waliokaa hapa mbele wanakumbuka Gécamines. Mwaka 1986 ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba. Shituru ilifanya kazi usiku na mchana, mfanyakazi alipata posho, mtoto wake alikuwa na shule na hospitali. Kisha ikaanguka. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondoshwa kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, na kila mmoja hapa anajua hiari ile ilikuwa ya namna gani. Leo Congo inatoa zaidi ya tani milioni mbili za shaba kwa mwaka, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima. Shaba iliyotoka enzi za baba zenu ilikuwa ndogo kuliko ya leo. Malori mnayoyahesabu barabarani mnapokaa kwenye ukuta, ndiyo hiyo. Mali imeongezeka na posho imepotea. Haikupotea kwa sababu watoto walisoma mno. Imepotea kwa sababu karatasi zinaandikwa na watu wachache, zinasomwa na watu wachache, na zinafichwa kwa wote waliobaki.

Karatasi zenyewe zipo. Sheria ya tarehe 9 Machi 2018 iliyobadilisha Kodi ya Madini imegawa ushuru wa migodi hivi: asilimia 50 kwa Serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mamlaka za mahali mgodi ulipo, yaani mji, komini, sekta au cheferi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Vizazi vijavyo, ni nyinyi. Tena kampuni inatakiwa kutoa asilimia 0.3 ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka, na inatakiwa kuandikiana na jamii hizo cahier des charges: shule gani, maji gani, barabara gani, lini. Na sheria ya tarehe 8 Februari 2017 inasema kazi za ukandarasi mdogo ni za kampuni za Wakongomani.

Ni nani atakayeisoma cahier des charges pale kijijini, akaona kwamba shule iliyoandikwa haiko? Ni nani atakayepiga hesabu ya asilimia 15 na kuuliza imeingia wapi? Ni nani atakayepima maji ya mto na kusema kwa namba yana kitu gani? Mtu aliye shimoni mita 30 chini, hata awe na akili kiasi gani, hana nafasi ya kufanya kazi hiyo. Ndiyo sababu tunawaambia msome. Hatuwaahidi mshahara. Tunasema kwamba mji wa shaba bila watu wanaojua kusoma mikataba utabaki kuwa mji wa mashimo. Ukosefu wa kazi wetu haumaanishi masomo ni bure. Unaonyesha tu kwamba kazi ya kudai haki haijafanywa na watu wa kutosha.

Kwa hiyo leo tunasema wazi tunataka nini, na kutoka kwa nani.

Kwa vyuo, vya serikali na vya binafsi, hapa Likasi na Lubumbashi: toeni orodha nzima ya malipo ya mwaka wa kwanza kabla ya mwisho wa mwezi wa nane. Orodha nzima, pamoja na yale madogo ambayo yanajitokeza katikati ya mwaka. Ibandikwe ukutani na iwekwe kwenye simu. Mzazi anayejua namba mwezi wa nane anaweza kupanga. Mzazi anayejua namba siku ya mwisho anakopa kwa riba, au anamruhusu mtoto aende machimboni.

Kwa meya na wakuu wa komini zote nne, Likasi, Kikula, Panda na Shituru: tangazeni mbele ya raia kiasi gani cha ushuru wa migodi kimeingia kwenye akaunti zenu, na kimefanya nini. Na kama kimeingia, tengeni sehemu yake kwa bourse za wafinalisti, kwa alama na kwa hali ya nyumba, na majina yabandikwe hadharani ili kila mtu aone kwamba hakuna mtoto wa mkubwa aliyeingizwa kwa dirisha. Tutaandika barua, tutaomba risiti ya barua, na tutarudi kuuliza jibu. Tusipojibiwa, tutakaa mbele ya ofisi, kwa amani, mikono mitupu, kama Katiba inavyoturuhusu katika kifungu cha 26.

Kwa polisi wa migodi na wanunuzi wa mawe: mtoto mwenye miaka 17 asikanyage kwenye shimo, na gunia lake lisinunuliwe. Hatutaki akamatwe wala apigwe. Tunataka arudishwe nyumbani, na mkubwa aliyemtuma ndiye aulizwe.

Kwa wazazi wetu: acheni "tutaona". Wiki hii, jioni moja, kaeni na mtoto mezani na mwandike kwenye karatasi: tuna kiasi gani, tunatafuta kiasi gani, nani katika jamaa tumuombe, nini kinaweza kungoja. Hata kama namba ni ndogo na inatia aibu, iandikeni. Mtoto anayejua kwamba kuna franga ya nusu tu anaweza kutafuta nusu nyingine kwa njia ya usalama: kufyatua matofali, kwa sababu kipwa ndiyo wakati wake, kufundisha watoto wa shule ya msingi, kuuza mezani pamoja na mama. Mtoto asiyejua chochote anafikiria kwamba kila kitu ni juu yake, na ndipo anaenda kwenye mawe usiku bila kuaga.

Na kwenu, wafinalisti. Tengenezeni karatasi zenu sasa: hati ya kuzaliwa, bulletini za shule, picha, fotokopi zilizothibitishwa. Msingoje wiki ambayo mji mzima uko kwenye foleni. Mtu akikuambia anaweza "kupanga" matokeo yako au kukutafutia nafasi kwa pesa, mkimbie. Chuo kikikuita kwa matangazo mazuri, uliza karatasi ya agrément kutoka wizara kabla ya kutoa franga hata moja. Ukichagua fakilti, usichague kwa sababu rafiki ameenda pale. Tafuta mtu mmoja anayesoma hapo, muulize siku yake inaendaje, anakula nini, mwalimu anakuja ama haji. Na ambaye atabaki Likasi kusoma hapahapa, asione haya. Kulala kwa mama, kula bukari ya nyumbani na kusoma, ni bora kuliko kulala na njaa Lubumbashi ili watu waseme uko mbali.

Na ambaye mwaka huu hatapata njia hata kidogo, au ambaye simu yake ilikaa kimya siku ya matokeo: huyo ni wetu pia. Asijifiche. Likizo hii iwe ya mwisho kwa wenzake, lakini yeye tusimwache peke yake kwenye ukuta mwezi wa kumi, mvua za kwanza zikianza na marafiki wote wameondoka. Ndio wakati ule shimo linamwita kwa sauti kubwa kuliko wakati wote. Tumeamua kwamba kila mtaa utakuwa na mtu wawili wa harakati ambao watajua majina ya wafinalisti waliobaki, watawatembelea, na watasoma nao kwa mtihani unaofuata. Ni kazi ndogo, haina mshahara, na tunaiweza kwa sababu, kama tulivyosema, muda tunao.

Jumamosi hii, saa nane mchana, tunaanza. Njooni na kalamu na kile mnachokijua juu ya malipo ya chuo chochote: risiti ya yaya, ujumbe wa simu, karatasi yoyote. Tutaunganisha yote na kutengeneza orodha yetu wenyewe, ya kweli, na tutaibandika sokoni, makanisani na kwenye vituo vya pikipiki. Vyuo vikitoa orodha zao, tutalinganisha. Visipotoa, yetu itakuwa pale.

Halafu, jambo la mwisho, na hili haliko kwenye barua kwa meya. Kabla ya kuachana, nendeni Kapolowe. Changeni franga za lori, nendeni wote, wale wa Lubumbashi na wale watakaobaki, mle samaki kando ya maji. Msiogope kupumzika siku moja. Hatupigani ili muwe na uso wa huzuni. Tunapigana ili mwaka kesho, kipwa ikirudi, muweze kwenda tena ziwani na mkijihesabu, hesabu iwe ileile.

Sasa tunasikiliza maswali, na tunaanza na wasichana.